Likizo Isiyo na Siku ya Kurudi

Lile tangazo nililiandika mimi. Nimelikana kwa miaka mingi, hadi nikaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Kila lilipotajwa nilisema ni la Mkurugenzi, mtu aliyekaa Ulaya, amelileta kutoka huko, mimi nililipiga chapa tu. Si kweli. Mkurugenzi alitoa wazo kwa sentensi moja huku akimenya ndizi. Mimi, msomi wa chuo kikuu, ndiye niliyekaa nalo siku nzima nikilipamba. Hata ule mstari ambao baadaye watu waliurudia kwa kicheko, “Pumzika kadiri mwili unavyotaka, rudi utakapojisikia,” ni wangu. Niliusoma kwa sauti ofisini peke yangu, nikajipenda.

Nayasema haya kwa sababu juzi mmoja wenu, kijana wa ofisi ya utumishi huko Dar es Salaam, alinionyesha kwenye simu yake tangazo la kazi lenye maneno “likizo bila kikomo”. Akaniambia kwa upole ule mnaotutumia sisi wastaafu, “Mama, haya ni mambo mapya, enzi zenu hayakuwapo.” Nikanywa chai yangu. Yalikuwapo, mwanangu. Yalikuwapo Salale, katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, miaka ile ya ruksa, wakati mashirika ya umma yanakufa moja baada ya jingine na kila mwenye mtaji anaambiwa ajaribu bahati yake.

Kampuni yetu ilinunua kwa wavuvi kamba wa baharini, ikawavunja vichwa, ikawagandisha, ikawapeleka nje. Ofisi ilikuwa Kibiti, nyuma ya soko, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na simu. Kiwanda kilikuwa Salale, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kamba. Katikati yake palikuwa na maji, na mimi sikujua kuogelea. Mpaka nastaafu sikujua.

Siku ya kwanza kufika kiwandani, nikiwa afisa utumishi mpya, nilidhani nimeletwa mahali pasipo sahihi. Maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yangu palitanda tope linalong’aa, mizizi ya mikoko imesimama kama vidole vya watu waliozikwa wima, na jengo la mabati limekaa juu ya magogo, halina njia ya kuliendea. Nikamuuliza nahodha wa boti tunaingilia wapi. Akaniambia, “Tusubiri njia ije.” Tukasubiri. Na kweli njia ilikuja. Maji yaliingia kimya kimya, yakapita kati ya mizizi, yakafunika tope, yakatuinua sisi na boti yetu hadi kwenye ngazi ya kiwanda, kama mtu anayemwinua mtoto amweke mezani. Nilikuwa na mkoba uliojaa madokezo ya somo la usimamizi wa muda. Niliushikilia kifuani, nikaona aibu kuufungua.

Nilinunua saa kubwa ya ukutani, nikaitundika kiwandani ili watu wajue muda wa kuingia. Chumvi iliila baada ya muda mfupi, ikasimama. Aliyegundua kwamba imesimama ni mimi peke yangu. Wengine wote walikuja kazini kwa bamvua, maji yanapojaa sana na kamba wanapokuwa wengi, na wakapungua maji yanapokuwa mafu. Hakuchelewa mtu.

Mkuu wa meza ya kuvunja vichwa alikuwa Bi Somoe binti Mkumba, mama wa makamo, Mmatumbi aliyeolewa delta, mfupi, mwenye sauti isiyopanda hata jenereta ikinguruma. Ndiye aliyenifundisha kwamba ukitaka kuzungumza na watu wa meza ile usisimame kichwani kwao kama msimamizi wa mtihani. Kaa kwenye kreti, ingiza mikono, vunja vichwa nao. Nilijaribu. Kamba ana mwiba kichwani, akanichoma kidole gumba mara ngapi sijui.

“Usimkabe,” akaniambia. “Wewe mwambie tu aachie.”

“Namwambiaje?”

“Kwa kidole, Bi Afisa. Kiingereza hajui.”

Meza nzima ilicheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo sikuwahi kufanya kikao cha wafanyakazi nikiwa nimesimama. Kama kuna jambo moja mtakalolichukua kwangu mkaacha mengine yote, chukueni hilo. Malalamiko ya kweli hayaletwi ofisini. Husemwa mikono ikiwa na kazi.

Sasa nirudi kwa Mkurugenzi na ndizi yake. Nitamwita Bwana Hilali. Alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu mahali fulani mtataka kumchukia. Alikuwa ameishi nje, amerudi na imani kwamba mtu akiaminiwa hufanya kazi vizuri zaidi. Akaniambia, “Kwa nini tunahesabiana siku za likizo kama watoto wa bweni? Kila mtu achukue anazohitaji. Hakuna kikomo.” Mhasibu wake, aliyekuwa amekaa pembeni, akaongeza kwa furaha ya kitaalamu kwamba likizo isiyohesabiwa haiwi deni siku mtu anapoacha kazi. Hilali hakumsikiliza. Mimi nilimsikia, na nikaona ni werevu.

Tulikuwa na wakili Dar es Salaam, mzee wa maneno machache, anayejibu simu kama mtu anayelipia kila neno. Nilimpigia nimsomee tangazo langu, nikitarajia sifa. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Sheria inasema mfanyakazi apewe likizo ya mwaka yenye malipo, si chini ya kiasi fulani,” akasema. “Tangazo lako linasema si zaidi ya nini?”

“Si zaidi ya chochote, Mzee. Ndiyo uzuri wake.”

“Na si chini ya nini?”

Nikalipitia tangazo langu tena, mstari kwa mstari.

“Umejenga nyumba haina dari,” akasema. “Sawa, watu wataona nyota. Mimi nauliza sakafu.”

Akanipa maswali mengine, na nawapa ninyi kama alivyonipa, kwa sababu sheria imebadilishwa tangu wakati ule lakini maswali yamebaki yale yale. Mtu asipochukua likizo kabisa, umempa au hukumpa? Akiugua, hiyo ni likizo ya ugonjwa au ni ile ya bila kikomo? Mama akijifungua, haki yake ya uzazi iko wapi, imemezwa? Wawili wakiomba bamvua moja na wewe unahitaji mmoja abaki, nani anaamua, na kwa kipimo gani, ili kesho usiambiwe unapendelea? Na mtu aliyekaa nyumbani muda mrefu, utamtofautishaje aliye likizo na aliyetoroka kazi?

“Na siku ya kuachana,” akamalizia, “usipohesabu wewe, sheria itakuhesabia. Huwa inahesabu kwa ukarimu.”

Nilimshukuru. Nikaweka simu chini, nikalibandika tangazo kama lilivyokuwa. Kijana mwenye shahada akishapenda mstari wake mwenyewe, hana wakili wa kumwokoa.

Tukangoja watu waombe likizo. Hilali alikuwa na wasiwasi kwamba kiwanda kitabaki kitupu, hasa mpunga ukianza kuiva. Nyakati hizo familia za delta huhamia mashambani, hukaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya miti, kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Mwaka wa nyuma tulipambana na maombi ya ruhusa mpaka nikaota ndege. Safari hii hakuomba mtu.

Hakuomba mtu hata mmoja. Mpunga ukaiva, ukalindwa na wazee na watoto, na meza ikawa imejaa kila bamvua. Hilali aliniita shujaa wa menejimenti ya kisasa. Nilikubali cheo hicho bila ubishi. Nilianza kuwaza makala ya kitaalamu.

Kisha nikaenda Salale nikamkuta mama mmoja, Mwajuma, anavunja vichwa huku anatetemeka kwa homa, kanga mbili mgongoni na jasho linamtiririka. Nikamwambia aende nyumbani. Akaniangalia machozi yakimlenga.

“Nimekosa nini, Bi Afisa?”

“Hujakosa kitu. Unaumwa. Nenda kapumzike.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka utakapojisikia,” nikasema, kwa fahari, nikimsomea tangazo langu.

Akaangua kilio. Wenzake wakaacha kazi. Sijawahi kuona meza ile ikiacha kazi, hata siku paa lilipong’olewa na upepo. Bi Somoe akafuta mikono yake taratibu, akanisogezea kreti.

“Kaa hapa, Bi Afisa. Nikuulize, wewe umeolewa?”

“Niliwahi.”

“Mume alikuambia maneno gani siku ile mlipoachana?”

Nilitaka kusema hayamhusu. Lakini walikuwa wakinitazama wote, si kwa umbea, bali kama watu wanaomsubiri mwanafunzi afike kwenye jibu. Nikayakumbuka maneno. Nikayasikia kabla sijayatamka, na masikio yangu yakawaka moto.

“Aliniambia, nenda kwenu ukapumzike kidogo. Ukijisikia, utarudi.”

“Na ulirudi?”

“Sikurudi.”

“Alikuja kukufuata?”

“Hakuja.”

“Basi,” akasema Bi Somoe, kwa huruma kabisa. “Mwanamke wa hapa akienda kusalimia kwao, hutajiwa siku. Mume atasema, nitakufuata Ijumaa fulani. Akisema kaa tu mpaka utakapojisikia, mama yake humwandalia kitanda cha kudumu. Sisi tulisomewa tangazo lako, tukasema, haya, kampuni inatuacha, lakini inatuacha kwa adabu.”

“Kwa hiyo mkaogopa kwenda?”

“Nani ataifuata talaka kwa miguu yake?”

Mtu mmoja mwishoni mwa meza akaguna, “Ati, na yeye aliyeachwa kwa maneno hayo hayo ndiye kayaandika.” Hapo kicheko kilichotoka kilizipita jenereta na bahari. Mwajuma mwenye homa naye alicheka. Mimi nilicheka mwisho, nilikuwa na mengi ya kumeza kwanza.

Nataka mnielewe. Nilikuwa nimesoma vitabu vizima kuhusu motisha ya wafanyakazi. Nilijua kila kitu kuhusu likizo isipokuwa hiki, kwamba uhuru wake hauko katika wingi wa siku. Uko katika ile siku ya mwisho. Mtu anaweza kwenda mbali kiasi anachotaka iwapo anajua mahali pake pa kurudi pako wazi na siku yake inajulikana. Mwondoleeni siku hiyo, mmemfungia mlango huku mnatabasamu. Ukiona wafanyakazi wako hawaendi likizo, usijipongeze. Kaa kwenye kreti uulize.

Niliporudi Kibiti nilimwambia Hilali tuweke tarehe za kurudi, na tuweke kiwango cha chini ambacho kila mtu lazima apumzike. Akasikitika. “Tukianza tarehe tumerudi kule kule kwa kuhesabiana.” Nilikosa ujasiri wa kumsimulia habari za mume wangu. Jambo likabaki hivyo.

Halafu zikaja habari kwa Bi Somoe kwamba mama yake ameanguka, amevunjika nyonga, yuko kwenye vilima vya Umatumbi, huko mbele ya Nyamwage, na hakuna wa kumgeuza kitandani ila jirani. Bi Somoe alikuwa binti pekee. Ilikuwa lazima aende. Na hakutaka kwenda.

“Mama yangu atakufa au atapona,” aliniambia. “Vyovyote, mimi nitakuwa nimerudi hapa kutafuta chakula cha wanangu. Nikute mtu kwenye nafasi yangu, nimwambie nini? Nilijisikia nikarudi?”

“Nitakuandikia barua yenye tarehe.”

“Karatasi hapa inalowa. Nawe bosi wako hataki tarehe, nimesikia. Nitajie siku mbele ya watu.”

Sikuwa na mamlaka hayo. Afisa utumishi hubeba ruhusa za wengine, hana zake. Lakini mama alikuwa amelala upande mmoja huko vilimani. Nikasimama, safari hii nilisimama, nikasema Bi Somoe binti Mkumba anakwenda kumuuguza mama yake kwa ruhusa ya kazi, mshahara wake haukatwi, atarudi bamvua la mwezi mpevu baada ya Maulidi, na nafasi yake kwenye meza hii haikaliwi na mtu. Ndivyo ninavyokumbuka nilisema. Wanawake waliendelea kuvunja vichwa. Hakuna aliyeinua uso. Nilidhani kelele za jenereta zimenimeza, nikaona haya kurudia. Bi Somoe akafunga kitambaa chake, akaondoka na maji.

Alipokuwa huko, mambo ya kampuni yakageuka. Alikuja mbia mpya, mwenye fedha na haraka. Sharti lake la kwanza lilikuwa kupunguza watu, na alikuwa na njia nyepesi ya kuanzia. Yeyote asiyekuwapo kazini na asiye na siku ya kurudi, ahesabiwe ameacha kazi mwenyewe. Hilali alinisomea sharti hilo ofisini, macho yake yakiwa dirishani.

“Ni wangapi?” akauliza.

Alikuwa mmoja. Katika kampuni nzima, mtu mmoja tu alikuwa ameiamini likizo yetu akaenda.

“Ana siku ya kurudi,” nikasema. “Nilimtajia.”

“Wewe? Sera yetu haina tarehe.”

“Nilimtajia hata hivyo.”

“Iko wapi?”

“Niliisema kwa mdomo. Mezani.”

Hilali alikaa chini. “Mbia ataniambia umeitunga leo asubuhi. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.”

Nikampigia wakili mbele yake. Nilieleza kwa urefu, nikajitetea ambapo sikushitakiwa. Mzee akanikatiza. “Mkataba wa kazi si lazima uwe wa karatasi. Ahadi ya mwajiri iliyotolewa na mtu anayeonekana kuwa na cheo cha kuitoa inaweza kumfunga. Ila ithibitishwe. Walikuwapo watu?”

“Meza nzima. Lakini sidhani walisikia.”

“Kawaulize. Mkurugenzi aende mwenyewe. Usiwatangulie kwa neno.”

Tulikwenda Salale bila kutuma habari. Njiani nilikuwa nikitafuta namna ya kumwomba radhi mama wa watoto wanne, na sikupata hata sentensi ya kuanzia, mimi niliyekuwa nazipenda sana sentensi zangu. Hilali aliketi kwenye chumba cha barafu, akaagiza waletwe mmoja mmoja kutoka mezani, kila aliyekwisha kuulizwa apitie mlango wa nyuma asikutane na wenzake. Mimi alinikalisha nyuma yake, akanikataza kufungua mdomo.

Wa kwanza alikuwa Mwajuma, wa ile homa. Hilali akamuuliza Bi Somoe yuko wapi. Mwajuma akasimama wima, akaweka mikono yake yenye maji kando, na akaanza kunena kwa sauti isiyokuwa yake. Ilikuwa yangu. Alitoa maneno yangu yote kwa mpangilio wake, kwa kujikwaa kwake pale nilipojikwaa, pale niliposema “kwa, kwa ruhusa ya kazi”, na alipofika kwenye mshahara akakohoa kidogo, akaendelea.

“Mbona umekohoa?” Hilali akauliza.

“Sikukohoa mie. Bi Afisa alikohoa.”

Wa pili akayasema hayo hayo. Kikohozi kilikuwa mahali pake. Wa tatu akaongeza kwamba kabla ya kutaja Maulidi nilifukuza inzi.

“Nilifukuza inzi?” nikasema, nimeshasahau amri.

“Alikutua shavuni. Upande huu.”

Wa nne alileta inzi yule yule, shavu lile lile. Hilali akajaribu kumtega. Akasema, “Nimeambiwa alisema atarudi mwezi mwandamo.” Yule mama, kijana kuliko wote, akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeona mwingine anakosea sura ya Kurani.

“Mpevu, bwana. Aliyekuambia mwandamo hakuwapo.”

Waliendelea kuja. Sikuwa nimewahi kusikika hivyo maishani mwangu, si darasani, si kikaoni, si kwenye ndoa yangu. Maneno niliyodhani yameanguka sakafuni na magamba, wanawake wale walikuwa wameyaokota yote, wameyabeba bila kuyamwaga, pamoja na takataka zake. Hawakuwa wameambiana. Mama mmoja alipoulizwa kwa nini aliyashika hivyo na hali alikuwa na kazi mikononi, alijibu kana kwamba ameulizwa kwa nini anapumua. “Mtu alitajiwa siku mbele yetu. Sasa tungefanyaje?”

Kwao kuwa shahidi si kuona jambo. Ni kupewa kitu cha mwenzio ukitunze mpaka atakapokihitaji. Ndivyo ndoa zao zilivyofungwa, na mashamba yao yalivyogawanywa, kabla mimi sijaja na mashine yangu ya chapa. Nimefanya kazi ya utumishi maisha yangu yote. Nimeona makabati ya chuma yenye kufuli, baadaye nikaona kompyuta. Sijaona tena kitu kinachotunza neno kama meza ile.

Hilali hakuwaita waliobaki. Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi akiyatazama maji yanavyojaa. Akaniuliza, bila kugeuka, “Tangu lini wanasikiliza hivi?”

“Sijui,” nikasema. “Mimi nilidhani hawasikii kabisa.”

Aliondoka siku ile kwenda Dar es Salaam kuonana na wakili na yule mbia. Mimi nikabaki Kibiti na simu. Mwezi ulikuwa unakua. Habari zilifika kwamba Rufiji imefura na pantoni ya Ndundu haivushi kila siku. Nikawa najua kwamba ng’ambo ya mto yuko mwanamke anayejua siku yake na anaisogelea, na huku ng’ambo hii sijui kama ana pa kufikia. Vijana, kazi hii mtaipenda au mtaichukia kwa siku za namna hiyo. Nyingine zote ni fomu.

Kuhusu upande wa sheria, mambo yaliyojadiliwa kule niliyapata baadaye kwa wakili, na ni haya kwa ufupi. Mwajiri anaweza kutoa likizo kubwa kuliko ya sheria, ni ukarimu wake. Hawezi kutoa ndogo, hata mfanyakazi akikubali. Akishatoa, hawezi kuigeuza kosa kinyemela, kumpa mtu ruhusa asubuhi na jioni kumwita mtoro. Akitaka kubadili masharti, azungumze na watu wake kwanza, na mabadiliko yaende mbele, yasirudi nyuma kumkamata aliyekwisha kuondoka. Mbia alikuwa na hoja zake, akauliza kama wanawake wale hawawezi kuwa wamefundishwa. Wakili akamwambia inawezekana kabisa, akamshauri aende mwenyewe mahakamani siku ya kesi akamhoji wa kwanza, na akifika wa kumi atoe taarifa anajisikiaje.

Simu ililia saa za mchana, ofisi ikiwa tupu, watu wameenda kuswali na kula. Nikaipokea kwa mikono miwili.

“Uko na nani hapo?” Ilikuwa sauti ya Hilali.

“Niko peke yangu.”

“Tafuta watu.”

“Watu gani?”

“Wowote. Wenye masikio. Nitasubiri.”

Nikatoka mbio. Nikampata dereva wetu chini ya gari, nikampata mama anayetuuzia wali na maharage, nikawapata wazee wawili waliokuwa wakitoka msikitini na mnunuzi mmoja wa korosho ambaye hakuwa na habari na lolote. Nikawaingiza ofisini, wakasimama kuizunguka meza yangu, dereva ana grisi hadi viwikoni. Mama wa wali alikuwa bado ameshika upawa. Nikamwambia Hilali wapo. Akaniambia niwaelekezee simu, nikaigeuza, nikaiinua katikati yao, na wote wakainama kidogo kama wanaochungulia kisimani.

Sauti yake ilikuja nyembamba, ya mbali, na polepole, ya mtu anayechagua kila neno kwa kuwa amekwisha kuona yanakoelekea maneno.

“Mimi ni Hilali, mwajiri. Somoe binti Mkumba yuko likizo kwa ruhusa yangu. Anarudi bamvua hili la mwezi mpevu, na mto ukimzuia, siku za mto ni zangu, si zake. Nafasi yake mezani ni yake. Na kila atakayekwenda likizo kuanzia leo atatajiwa siku ya kurudi.”

Waya ulikuwa ukivuma. Mzee mmoja wa wale wawili akasogeza mdomo karibu na simu, akasafisha koo.

“Tumesikia,” akasema.